Kwa Mkurugenzi, Bonyeza Tano

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo naanza shajara. Nasikia watu wakubwa wote huandika. Mimi ni fundi wa friji, bado si mkubwa, lakini zimebaki wiki mbili tu.

Hali ni hii. Karakana yangu ni chumba kimoja, mlango mmoja, friji kumi na moja. Saba kati ya hizo hazitaamka tena, ila sijawaambia wenyewe. Hoteli ya ghorofa nne, mtaa wa pili, inatafuta fundi wa kudumu. Friji thelathini na mbili! Na chumba cha baridi cha kuwekea nyama, kikubwa kuliko sebule yangu! Mama mtunza stoo wa hoteli ameniambia kwa kinywa chake kwamba majina yako mawili mezani kwake, langu na la Barafu. Atapiga simu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Barafu ni fundi wa ng'ambo ya barabara. Jina hilo alipewa na wateja. Mimi wateja hawajanipa jina lolote.

Mke wangu kaniwekea mpaka. Nikiipata hoteli, heri. Nikiikosa, nafunga karakana, na Jumatatu tarehe 17 naripoti kwenye duka la rangi la mama yake. Nikamuuliza kama ananitania. Akaendelea kupiga pasi.

Mimi! Na koti la buluu la wauzaji wa duka! Nakoroga rangi mbele ya mama mkwe, ambaye hadi leo nikiwa naye chumba kimoja sijui mikono yangu niiweke wapi. Haiwezekani.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Dawa imepatikana. Kinyozi wa mlango wa pili husoma simu huku ananyoa. (Ndiyo maana baadhi ya wateja wake wana upara ambao hawakuuomba.) Kanionyesha huduma ya simu ya intaneti. Unajisajili, unapewa namba mpya ya kampuni. Mtu akipiga, sauti inampokea na kumwelekeza: bonyeza moja kwa hiki, mbili kwa kile. Simu inapelekwa kwa mhusika. Hata ujumbe wa maandishi unajijibu wenyewe. Ndivyo wanavyofanya benki, akasema.

Nikaona mwanga. Mezani kwa yule mama kuna mafundi wawili. Mmoja akiwa kampuni, mwingine kwisha habari yake.

Nimejaza fomu hadi vidole vikafa ganzi. Jina la kampuni: Baridi Kamili na Washirika. Wafanyakazi: sita (sikutaka kujikweza). Idara: Mauzo, Ufundi, Vipuri, Malalamiko, Mkurugenzi. Ikataka namba ya kila idara. Nimenunua laini mpya, nikaiandika mara tano. Mashine haikuuliza neno. Mke wangu ndiye aliyeuliza hao Washirika ni akina nani.

Laini yangu ya zamani, ile aliyonayo mama wa hoteli, nimeiagiza impeleke kila mpigaji moja kwa moja kwenye kampuni. Asipite mtu kwa mlango wa uani.

Mwisho ikauliza saa za kazi. Unachagua namba kuanzia 0 hadi 23. Hapo sikusumbuka. Nafungua saa mbili, nikaweka 2. Nafunga saa kumi na moja, nikaweka 11. Katika fomu nzima hapo tu ndipo sikukuna kichwa.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kurekodi sauti. Kazi ngumu kuliko kutia gesi.

Kwanza kelele za barabarani. Suluhisho: nimeingiza kichwa ndani ya friji bovu na kufunga mlango hadi shingoni. Sauti imetoka nzito, ya mtu mwenye tumbo na gari.

Pili, adabu. Benki zinakwambia bonyeza moja hata hujajuliwa hali. Ukavu wa macho! Mimi nimeanza na shikamoo, maana huwezi kujua anayepiga ana umri gani, na nikaacha nafasi aitikie. Kisha hujambo, kwa walio wadogo. Nafasi. Habari za nyumbani. Nafasi. Habari za kazi. Nafasi. Na friji linaendeleaje. Nafasi ndefu kidogo, watu wana mengi. Ndipo idara zikafuata. Jumla dakika tatu na ushei.

Nimerekodi na ya pili, ya kusikika baada ya kufunga ofisi. Salamu ni zilezile, ila mwisho inasema tumefunga, karibu tena wakati wa kazi.

Mke wangu amesikiliza yote akiwa amesimama mlangoni na kikapu. Kasema kwa muda huo angekuwa ameshafika kwa Barafu kwa miguu. Wivu tu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Simu ya kwanza ya kampuni! Saa tatu asubuhi! Mama mkwe.

Mke wangu ndiye aliyempa namba. Mama akapokea shikamoo yangu, akaitikia marahaba. Akaulizwa habari za nyumbani, akaeleza: magoti, paa linalovuja, jirani aliyehama bila kuaga. Akaulizwa habari za kazi, akaeleza rangi ya kijani jinsi isivyotoka. Aliposikia bonyeza moja kwa mauzo, akadhani kuna mtu ameingilia mazungumzo, akakata kwa hasira.

Nimeyapata haya kwa mke wangu. Eti mama anasema siku hizi nimekuwa na adabu kuliko zamani, ila nikiulizwa kitu nakwepa.

Mchana kimya kabisa. Nadhani watu wanapumzika baada ya kula.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimechanganyikiwa. Niandike polepole.

Saa nne simu iliita. Kwenye kioo, namba ya kampuni yangu. Maana yake kampuni yangu inanipigia. Nikapokea, nikasikia mtu anapumua, kisha akakata. Nikaona si vizuri, nikapiga namba ileile. Nikapokewa na sauti nzito. Shikamoo. Nilishaitikia marahaba ndipo nikatambua kwamba ni mimi.

Nikasubiri. Nikabonyeza tano, nimpate Mkurugenzi, yeye angejua aliyepiga. Nikaambiwa Mkurugenzi anaongea na simu nyingine. Kweli alikuwa anaongea na simu nyingine. Nikaombwa niache ujumbe. Nikaacha ujumbe, kwa heshima, nikiomba nipigiwe.

Dakika moja baadaye: una ujumbe mpya. Moyo ukaruka! Nikausikiliza. Mtu mmoja mwenye wasiwasi anaomba apigiwe. Namba yake, ya kampuni.

Kinyozi amenieleza mara tatu. Eti kila anayepiga anapitia kampuni, kwa hiyo kioo kinaonyesha kampuni tu, hakionyeshi mtu. Mara ya tatu alikuwa amemwacha mteja na povu nusu ya uso. Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa. Bado sijui nani alikuwa anapumua.

Mchana kimya tena.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Simu za kupiga bado ni fumbo, nimegeukia ujumbe wa maandishi. Nimetunga jibu: Asante kwa kuwasiliana na Baridi Kamili na Washirika. Ujumbe wako ni muhimu sana kwetu. Idara husika itakujibu hivi punde.

Kisha nikatuma tangazo la namba mpya kwa kila mtu aliyemo kwenye simu yangu. Mia mbili na tisa. Nilijisikia kama gavana.

Saa sita mke wangu akaniandikia nirudi na unga na sabuni. Akajibiwa kwamba ujumbe wake ni muhimu sana. Akaandika tena, kwa herufi kubwa. Akashukuriwa tena. Ya tatu ilihusu ukoo wangu. Nayo ikapelekwa idara husika.

Lakini hilo dogo. Miongoni mwa wale mia mbili na tisa kuna ofisi ya maji, na ofisi ya maji nayo ina mashine. Mashine yao ikajibu: samahani, hatujaelewa ombi lako. Yangu ikashukuru. Yao ikasema samahani, hatujaelewa ombi lako. Yangu ikashukuru. Nilipochungulia alasiri walikuwa wamefikisha jumbe mia nne na kumi, hakuna aliyechoka, hakuna aliyemtukana mwenzake. Niliangalia kwa muda mrefu. Katika ndoa yangu sijawahi kuona subira ya namna hiyo.

Bando limeisha. Nimerudi nyumbani bila sabuni.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Wiki ya simu ya hoteli. Nimenyoa. Nimevaa shati la mikono mirefu, ingawa haonekani mtu kwenye simu.

Asubuhi wateja watatu wamekuja karakana kwa miguu, wote wamefura. Nikadhani ni shida ya friji. La. Wamekuja kunigombeza. Mwenye bucha ndiye aliyeongea kwa niaba yao. Akasema miaka yote wananibip: simu inaita mara moja, wanakata, nami nawapigia. Huo ndio utaratibu, watu wameishi hivyo. Sasa ukibip namba yangu inadakwa kabla hata haijalia, shikamoo hiyo inaanza, na salio linakwenda. Akauliza kwa sauti ya kusikika barabarani, "Fundi, tangu lini ukawa na haraka ya kupokea simu?"

Nikawaeleza kwamba kampuni kubwa hazibipiwi. Mwenye bucha akasema basi friji lake dogo litaenda kwa mafundi wadogo. Wote watatu wakavuka barabara. Nimewaona kwa macho yangu wakimbip Barafu wakiwa wamesimama mlangoni kwake.

Kumbe yule aliyekuwa anapumua Ijumaa alikuwa anahesabu hasara.

Hata hivyo, mama wa hoteli hawezi kubip. Mtu wa ofisi yule.

Mchana kimya. Sasa naanza kuogopa huu mchana.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Nimegundua. Ni Barafu. Ananizibia mchana.

Ushahidi: asubuhi simu zinaingia, walau za ugomvi. Ikifika saa tano, kama mtu amezima taa. Nani hana kazi mchana? Barafu. Nimekaa dirishani tangu saa sita na daftari. Anayo simu ya vibonyezo iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Ikilia, haimalizi mlio. Anaidaka, anapiga kelele, "Ee! Nakuja!" na anaondoka na mkoba. Hajui hata aliyepiga ni nani. Hana salamu, hana idara. Mshamba mtupu. Lakini mchana huu kadaka simu tisa.

Kwa hiyo nami nimelipiza. Mpango: niishike laini yake mchana kutwa, mama wa hoteli akimpigia amkose. Nikabana pua, nikampigia nikijifanya mzee mmoja ambaye friji lake linalia usiku. Akaniuliza linaliaje. Nikaliiga. Akaniuliza ni la milango mingapi, limeegemea ukuta, lina umri gani. Dakika ishirini na tano! Mpango mzuri ajabu. Kisha nikaona anatoka na simu sikioni, anavuka barabara taratibu huku akinisikiliza, anasimama kwenye dirisha langu. Akaniambia, dirishani na sikioni kwa pamoja, kwamba friji hilo lisogezwe kidogo kutoka ukutani litanyamaza. Akaniaga. Hakucheka hata kidogo. Ningependa angecheka.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Jana sikuandika. Nilikaa na simu siku nzima, leo pia. Nimekwenda nayo hadi chooni. Mama wa hoteli hajapiga asubuhi hizi zote mbili. Imebaki kesho.

Kwenye ile huduma kuna ukurasa sijawahi kuufungua, unaonyesha picha ya mwezi na namba 6 pembeni. Sijui ni sita ya nini. Nimeuacha, nisije nikaharibu.

Mke wangu kaniuliza jioni, kwa upole, kwa nini nisimfuate yule mama hotelini tu nikamsalimu. Upole wake ulinitisha. Nikamwambia mkurugenzi hajipeleki. Akaendelea kukunja nguo. Najua anataka nipate. Siku zote hajaipenda harufu ya gesi kwenye mashati yangu, lakini anataka nipate.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Saa nane mchana nimemwona Barafu anakimbia. Barafu hakimbii kamwe. Alikuwa na mkoba na mtungi wa gesi begani, anaelekea mtaa wa pili. Nikafunga karakana nikamfuata.

Uani kwa hoteli, masanduku ya nyama juani, wapishi wanayabeba kuyaingiza kwenye gari la jirani mwenye jokofu. Chumba cha baridi kimezima tangu saa saba. Barafu yuko ndani, miguu tu inaonekana. Mama mtunza stoo amesimama katikati na kitambaa cha jasho mkononi. Aliponiona hakukasirika. Hilo ndilo linaloniuma.

Akaniuliza kama ofisi yangu imefunguliwa. Nikamwambia iko wazi kila siku. Akasema, "Baba, nimekupigia tangu Jumatatu, kila siku nikishapakua chakula cha mchana. Mara saba. Unaniamkia, unaniuliza habari za nyumbani, nakueleza, halafu unaniambia umefunga. Sasa mtu aliyefunga, habari za nyumbani kwangu za nini?"

Nikasema haiwezekani. Akanipa simu yake. Mara saba, zote mchana. Mara ya mwisho leo, saa saba na dakika hamsini, nyama ikiwa inaanza kutoa maji. Ndipo akampigia Barafu.

Kisha akasema jambo ambalo nitaliandika mara moja tu. Barua ilikuwa imeshaandikwa kwa jina langu tangu wiki iliyopita. Mwaka jana nilimtengenezea friji la nyumbani kwake, nikamwonyesha na namna ya kusafisha koili, yale mabomba ya nyuma, ili asiniite tena bure. Hakusahau. Alitaka tu anisikie kwa simu, aniambie nije nichukue barua.

Nilirudi kwa miguu. Sikumbuki nilipita wapi.

Mke wangu alichukua simu, akafungua ule ukurasa wa mwezi. Simu saba, nje ya saa za kazi. Akafungua saa za kazi. Akakaa kitandani. Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza watoto, kwamba mashine inaanza kuhesabu katikati ya usiku. Mbili yake ni saa nane za usiku. Kumi na moja yake ni saa tano asubuhi. Muda wote huo nilikuwa nafungua ofisi watu wakiwa wamelala, na nafunga kabla ya chakula cha mchana.

Akacheka hadi akashika mbavu. Kisha nikaona hacheki tena, anafuta macho kwa mto. Mimi nilikuwa bado nahesabu kwa vidole.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Barafu amekuja. Amekaa juu ya friji langu bovu kama amekaa kwake.

Anasema chumba cha baridi amekiamsha kwa kubahatisha, lakini ule umeme wake wa kujiwasha na kujizima haumwelei. Anajua mimi nauelewa. (Kweli nauelewa. Nyaya hazijawahi kunichanganya, ni watu tu.) Anapendekeza tugawane hoteli nusu kwa nusu. Jumatatu saa mbili asubuhi atakuwa pale na mama wa stoo, atazungumza naye, kisha atanipigia ili mama asikie kwa masikio yake kwamba napatikana. Nipokee tu. Akarudia: nipokee tu. Kisha niende na mkoba wangu.

Mke wangu alimshukuru Barafu mara nyingi hadi nikaona haya. Mgeni alipoondoka, mke wangu alisimama kando yangu hadi nikafuta agizo kwenye laini ya zamani na kuifunga ile huduma. Nimefuta. Simu imekuwa simu tena.

Kumbe bado nina karakana. Nimefagia hadi chini ya benchi.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Nimewaza siku nzima. Wazo lenyewe ni hili: nikipokea mlio wa kwanza, Barafu ataniona nani? Ataniona sina kazi, nimekaa na simu mapajani. Leo nusu kwa nusu, kesho nambebea mkoba. Mshirika wa kweli ni mtu wa kutafutwa kidogo. Si sana. Kidogo.

Na makosa yangu yote nimeyajua sasa. Saa zilikuwa mbaya, nazirekebisha: 8 hadi 17, nimehesabu kwa vidole na tena kwa njiti za kiberiti. Salamu zilikuwa ndefu, nimezipunguza. Shikamoo na habari za nyumbani tu, basi. Idara zilikuwa tano, nimebakiza mbili, Ufundi na Mkurugenzi. Hii si ile huduma aliyoifunga mke wangu. Ile ilikuwa na kasoro.

Nimeiwasha jioni, na laini ya zamani nimeirudishia agizo lake, mke wangu akiwa anaogesha watoto. Nitamweleza kesho, nikiwa na barua mkononi.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Saa mbili kamili simu iliita. Nilikuwa nimevaa, mkoba uko mlangoni, mke wangu amesimama jikoni na mikono kifuani. Akanitazama. Nikamwonyesha kiganja: subiri. Nikaiacha iite mara moja. Mara mbili. Mke wangu akasema jina langu. Mara tatu. Ya nne nikapokea, kwa sauti nzito.

Kimya.

Nilikimbia hadi hotelini. Nilimkuta Barafu getini, anatoka. Alikuwa mnyonge kuliko mimi. Anasema alipopiga, aliiweka simu kwa sauti kubwa ili mama asikie. Mama akasikia shikamoo. Akasikia anaulizwa habari za nyumbani. Barafu akabonyeza moja, simu ikaita na kuita bila kupokewa. Mama akainua mkono, akamwambia akate, akate kabisa, na amtafute fundi mwingine wa umeme, yeyote, hata wa nchi nyingine, maadamu si huyo.

Mke wangu hakupiga kelele. Alinipa koti la buluu, amelipiga pasi, akaniambia nisichelewe. Nilipofunga karakana nilishikilia kufuli muda mrefu kuliko inavyohitajika. Niliingia hapo nikiwa na nywele zote. Nililia kidogo, mlango ukiwa umenificha, na kinyozi akajifanya anasafisha kioo.

Saa tatu nilikuwa dukani. Nimemsalimu mama mkwe, mikono nikaiweka mfukoni, nikaitoa, nikaiweka tena. Akanionyesha stuli karibu na kaunta. Kasema rangi nitaharibu, kwa hiyo kwa sasa kazi yangu ni moja: simu ikiita, nipokee, niulize mtu anataka nini.

Nimekaa nayo siku nzima. Duka kubwa namna hii, simu moja! Anapiga wa rangi ya ukuta, anapiga wa rangi ya mabati, anapiga wa brashi, wote wanapokewa na mtu yuleyule, mlio wa kwanza, bila mpangilio wowote. Inasikitisha. Na hapo ndipo nimeliona kosa langu la kweli. Nilipunguza idara! Barafu angepewa milango mingi, angekuwa bado anachagua, na yule mama asingepata nafasi ya kumwambia akate.

Nimeshachora idara nane nyuma ya kadi ya rangi. Nyeupe peke yake ina mbili. Sauti atarekodi mama mkwe mwenyewe, ana sauti inayosikika. Bado sijamwambia. Nitamwambia zikishaanza kuita.